Leja Moja, Makarani Wengi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ulitungwa zama za daftari la karatasi, lililokuwa na mlinzi mmoja na kalamu moja. Siku hizi daftari la duka la vifaa vya ujenzi, la karakana ya useremala au la chama cha ushirika aghalabu ni faili moja lililowekwa katika kompyuta moja, nalo hufunguliwa na makarani watatu au wanne kwa wakati mmoja kwa njia ya mtandao wa ndani. Hutokea asubuhi moja karani akataka kulifungua, na badala ya leja akaona maneno ya kumwarifu kwamba faili halifunguki. Yatakayotendwa katika nusu saa ifuatayo ndiyo yatakayoamua kama hesabu za biashara hiyo zitaendelea kuwa za kweli.

Wengi huiona hitilafu hiyo kuwa ndiyo balaa lenyewe. Fikira hiyo yafaa kusahihishwa. Mara nyingi leja iko salama, na kilichokatika ni njia ya kuifikia. Balaa huletwa na mkato unaofuatwa ili kazi isisimame.

Ili jambo hili lieleweke, hapana budi kuanza na sababu ya programu kuwa na kufuli. Ichukuliwe kwamba ghalani mna mifuko 10 ya saruji. Karani wa kwanza anasoma 10, anauza mifuko 4, na anaandika kwamba imebaki 6. Karani wa pili, aliyesoma 10 wakati ule ule, anauza mifuko 3 na anaandika kwamba imebaki 7. Aliyeandika mwisho amefuta kazi ya mwenzake: leja yasema 7, hali ghalani mmebaki 3. Hakuna mwizi wala mzembe hapo. Kilichokosekana ni zamu. Kwa sababu hiyo kompyuta iliyohifadhi leja, yaani seva, huwa na programu maalumu inayopokea maombi ya makarani wote, ikamfungia mmoja hadi mwingine amalize kuandika.

Kuna hatari ya pili. Mwaka 1494 Luca Pacioli alichapisha mjini Venice kitabu cha hisabati kilichoeleza uwekaji hesabu wa pande mbili, ambamo kila debiti ina krediti yake. Umeme ukikatika baada ya upande mmoja kuandikwa, leja haitalingana. Wataalamu wa kompyuta, miongoni mwao Jim Gray wa Marekani aliyeandika juu ya jambo hilo mwaka 1981, waliweka kanuni kwamba muamala ukamilike wote au usiwepo kabisa. Ili kuitimiza kanuni hiyo, programu huandika kila badiliko katika faili la kumbukumbu lililo kando ya leja.

Mfano ulio wazi ni QuickBooks ya kompyuta za mezani, programu ya kampuni ya Intuit ya Marekani iliyotolewa kwanza mwaka 1992. Jina la faili la leja yake huishia kwa herufi QBW. Kando yake hukaa faili liishialo kwa TLG, ambalo ndilo kumbukumbu ya miamala, na jingine liishialo kwa ND, lenye maelezo ya kulifikia faili la leja kwa njia ya mtandao. Programu hiyo inapotoa msimbo kama H202, maana yake ni kwamba kompyuta ya karani imeshindwa kuwasiliana na seva yenye leja. Msimbo huo hausemi kwamba leja imeharibika.

Lakini karani asiyefundishwa maana yake hutafuta mkato. Hulinakili faili kwa flashi, akaliweka katika kompyuta yake, nalo likafunguka. Wateja wanahudumiwa na mwenye duka anamsifu. Kumbe tangu saa hiyo biashara ina leja mbili. Mauzo ya mchana yameingia katika moja, malipo ya madeni yameingia katika nyingine, na hakuna hata moja iliyo kamili. Kuziunganisha si kazi ya kubonyeza kitufe. Yampasa mtu akae na kuingiza tena miamala kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Mwisho wa mwezi fedha zisipolingana na hesabu, anayetazamwa kwa jicho baya ni karani yule yule.

Njia ya haki ni njia ya sayansi, nayo si ndefu. Kwanza makarani wote watoke katika programu, kisha leja na kumbukumbu yake zinakiliwe pamoja na kuwekwa mahali pa salama, pasipo kuandika chochote katika nakala hiyo. Pili, faili lijaribiwe kufunguliwa kwenye seva yenyewe. Jaribio hilo moja hugawa tatizo katika sehemu mbili. Likifunguka, leja ni nzima na kosa liko njiani. Lisipofunguka, uchunguzi ubaki kwenye seva na faili.

Ikiwa kosa liko njiani, itazamwe kama seva imewaka na nyaya zimeshika. Kisha seva iitwe kutoka kompyuta ya karani, kwa anwani yake ya namba na kwa jina lake. Ikijibu kwa namba na isijibu kwa jina, kosa liko katika kutambua majina. Ikijibu kwa yote mawili na leja bado haifunguki, ikaguliwe kama ile programu ya kutoa zamu inafanya kazi katika seva, au kama programu ya ulinzi imefunga mlango inaoutumia. Aidha, ihakikishwe kwamba ni seva peke yake iliyowekwa kuwa mwenyeji wa leja, maana kompyuta mbili zikijidai kuwa mwenyeji huzuka mgongano. Kitu kimoja kibadilishwe kwa wakati mmoja, na kila badiliko liandikwe. Faili la kumbukumbu lisifutwe kwa kubahatisha.

Yamkini mfanyabiashara atauliza: wateja wangoje uchunguzi uishe? La. Kitabu cha stakabadhi chenye namba za mfululizo na karatasi ya kaboni kitolewe, mauzo yaandikwe humo, na yaingizwe katika leja itakapofunguka. Kitabu hicho hufanya kazi ile ile ya faili la kumbukumbu, na namba zake huonyesha kama kuna muamala uliorukwa. Wengine husema dawa ni kuhamishia hesabu katika huduma za intaneti. Ni kweli kwamba huko karani hashughuliki na faili wala seva ya dukani, lakini intaneti ikikatika leja haifikiki, na kanuni za zamu na muamala zinabaki zile zile.

Hapo ndipo shule zinapohusika. Mara nyingi uwekaji hesabu hufundishwa katika chumba kimoja na kompyuta katika chumba kingine, kana kwamba hayahusiani. Mwanafunzi hutoka akijua debiti na krediti, na akijua vitufe vya programu, asijue kwa nini programu humkatalia. Mwalimu anaweza kuliziba pengo hilo hata pasipo kompyuta. Aandike ubaoni namba 10, awaite wanafunzi wawili waisome kwa pamoja, kila mmoja apige hesabu ya mauzo yake kwenye karatasi, kisha waje kuandika jibu kwa zamu. Darasa zima litaona mifuko ya saruji ikipotea bila mwizi, na litajitungia lenyewe kanuni ya kufuli.

Kijana aliyeliona jambo hilo kwa macho yake hataharakisha kunakili leja siku itakapokataa kufunguka. Atajua kwamba kukataa huko huenda ndiko kunakoilinda mali, na kwamba ni afadhali kuchelewa saa moja kuliko kuwa na daftari mbili zisizopatana.