Kufuli la bure, maelekezo ya kigeni

Tunaambiwa Lynis ni ya bure na msimbo wake uko wazi, basi asiyeitumia mvivu tu. Si kweli hata kidogo! Programu hiyo, aliyoianzisha Michael Boelen mwaka 2007, hukagua ulinzi wa kompyuta za Linux na Mac: nywila, ruhusa za mafaili, huduma zinazoendeshwa bila sababu. Mwisho hutoa alama na orodha ya mambo ya kurekebisha. Lakini mapendekezo hayo ni Kiingereza cha mafundi. Kijana anayetunza kompyuta za hoteli pale Kendwa, zenye nakala za pasi za wageni, atarekebishaje asichokielewa?

Na msiseme Kiswahili hakiwezi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice. Tukapata pa kuandikia barua. Kufuli la mlango bado.

Sisi wapenzi wa fasihi hugombania neno moja la riwaya wiki nzima. Haya nayo tuyagombanie. Leseni ya GPL inaruhusu kutafsiri bila kumwomba mtu. BAKIZA watupe istilahi, mafundi watusahihishe, kazi ianze.