Si mkorogo huo, washkaji!

Leo nimewaletea stori ya maabara, ila msikimbie, inahusu sura zenu.

Kijiweni hapa Mdandu dada akitokea na baka mashavuni, limekaa kama kipepeo kupita juu ya pua, hukumu inatoka papo hapo: mkorogo umemuumbua. Akianza na kukonda ndo kabisa, anapewa ugonjwa na aliyemwambukiza anatajwa! Kumbe huenda ni lupasi, ambayo haiambukizi hata mkinywa ulanzi kikombe kimoja.

Iko hivi. Askari wa mwili, wale wa kupigana na vijidudu, wanamgeukia mwenye mwili: ngozi, viungo, hata figo. Katika wagonjwa kumi, kama tisa ni akina dada. Askari hao wana breki zao, na moja inatokana na kinasaba kiitwacho FCGR2B. Wapo watu wamezaliwa nayo ikiwa legevu.

Sasa hapa ndo patamu. Mwaka 2010 watafiti wa Cambridge, Uingereza, na wenzao wa Kilifi, Kenya, walitoa matokeo: watoto wa Kenya waliorithi breki hiyo legevu kwa baba na kwa mama hatari yao ya malaria kali ilikuwa karibu nusu ya wenzao. Maabara ilishaonyesha mwaka 2007 kwamba chembe za kinga zenye breki hiyo zinameza zaidi damu yenye vimelea vya malaria. Lakini breki hiyohiyo inaongeza hatari ya lupasi! Watafiti wanaona ndo maana imeenea zaidi Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki kuliko Ulaya. Huku kwetu kwenye baridi mbu hatambi kama pwani, ila damu haijui kama umehamia Njombe.

Kama una vidonda vya mdomo visivyoisha, viungo vinauma na kuvimba, jua kidogo tu uso unachafuka, achana na krimu za dukani. Nenda hospitali wapime damu na mkojo. Mkojo usiudharau, figo huharibika kimyakimya.

Dawa mojawapo ya lupasi ni haidroksiklorokwini, ndugu yake klorokwini ile ya malaria ambayo Tanzania iliiondoa kwenye nafasi ya kwanza mwaka 2001. Waulize wazazi wenu walivyokuwa wanajikuna usiku kucha.