Imani ya msomaji si bidhaa ya kuuzwa

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi bila ya kudhani kwamba siku moja ingenigeukia mimi mwenyewe na kunihukumu.

Majuzi niliwapa wanafunzi wangu insha kuhusu kazi wanayoitamani. Nilitarajia kukutana na marubani, mawakili na madaktari kama ilivyo ada. Naam, walikuwapo. Lakini msichana mmoja, ambaye kalamu yake ni miongoni mwa zilizo bora darasani, aliandika kuwa anataka kuwa mwanablogu wa mitindo ya maisha: aandike kuhusu mapishi, mavazi, malezi na mapambo ya nyumba, asomwe na maelfu ya watu, na alipwe. Nilipoisoma insha hiyo katika chumba cha walimu, wenzangu waliangua kicheko. Mmoja aliuliza tangu lini kupiga picha sahani ya pilau kukawa kazi.

Mimi sikucheka. Kwa muda wa miaka saba sasa nimekuwa nikiifanya kazi hiyo kila jioni nimalizapo kusahihisha madaftari.

Nilizaliwa bara, nikaletwa Pwani na ualimu. Hapa nilikuta upishi ambao sikuujua, na pamoja nao lugha ambayo vitabu vyangu havikunifunza. Nilidhani najua Kiswahili hadi bibi mmoja jirani yangu aliponiagiza nimletee kifumbu, nikabaki nimeduwaa. Nilianza kuandika ili nisisahau: jinsi ya kukamua kasimile kabla ya tui jepesi, jinsi ya kuumua unga wa mkate wa sinia, na kwa nini iliki hupondwa wakati wa kutumiwa wala si siku mbili kabla. Nilidhani najiandikia mwenyewe. Kumbe watu walikuwa wakisoma. Dada mmoja Mkenya afanyaye kazi Saudi Arabia aliniandikia kuwa alipika mkate ule usiku wa manane katika jikoni ya watu, akala akilia. Msomaji mwingine kutoka Lamu alinisahihisha bila huruma, na nikamshukuru. Mwalimu gani asiyetamani wasomaji wa namna hiyo?

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya uanablogu, na wala si ya fedha. Anayeandika kila juma kwa watu wasiolazimika kumsoma hujifunza upesi kuwa maneno matupu hayana mnunuzi. Kalamu yangu ilinyooka zaidi huko kuliko ilivyonyooka chuoni.

Ama kuhusu fedha, vijana wasidanganyike. Matangazo ambayo kampuni ya Google huyaweka katika blogu huingiza senti kidogo kidogo, na malipo hayatolewi mpaka yatimie dola 100. Mimi nilingoja zaidi ya mwaka mmoja kuifikia hiyo mia ya kwanza. Kinachoingia nacho kina mwenzake anayekisubiri: Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2023 iliwatoza Wakenya wanaolipwa kwa kazi za mtandaoni ushuru wa asilimia 5, unaokatwa hata kabla hujayashika malipo. Ongeza gharama ya data, viungo vya kupikia, na usiku usiolala. Ongeza pia matusi ya wapita njia, na wezi wa maandishi wanaochukua kazi yako wakabandika majina yao.

Lakini hizo zote ni changamoto za kawaida. Iko moja iliyo nzito kuliko zote, nayo ndiyo iliyonifanya niandike leo.

Wasomaji walipoongezeka, wafanyabiashara walinijia. Kampuni moja iliniletea oveni ndogo ya umeme pamoja na shilingi 15,000, ili niisifu. Niliitumia mara moja tu. Mkate ulitoka vizuri, nikaupiga picha, nikaandika kwa ufasaha wote niliojaliwa kwamba chombo kile kimeniondolea taabu ya kupalia makaa chini na juu ya sufuria. Sikuandika kuwa nimelipwa. Sikuandika kuwa nimeitumia siku moja.

Mwalimu mmoja mstaafu, aliyewahi kufundisha nami, alizisoma sifa zile. Zamu yake katika chama ilipofika, aliutumia mgao wake kununua oveni kama ile, akikusudia kuoka mikate ya kuuza wakati wa Ramadhani. Haikutimiza miezi miwili kabla ya kuungua. Dukani walimwambia dhamana haihusu matumizi ya biashara. Hakunilaumu. Aliniandikia maneno mawili tu: “Mwalimu, nilikuamini.”

Nilimtumia fedha kwa M-Pesa. Alizirudisha siku iyo hiyo, akaniomba jambo lililo ghali zaidi: niwaeleze wasomaji ukweli. Ilinichukua siku tisa kupata ujasiri. Nilipoandika, kampuni ile ilikata mawasiliano, na nyingine iliyokuwa ikijadiliana nami ikanyamaza. Baadhi ya wasomaji nao waliondoka, na haki ilikuwa yao.

Hapa ndipo mwanablogu wa mitindo ya maisha anapotofautiana na mtangazaji wa kawaida. Bango lililo kando ya barabara halijifanyi rafiki yako. Sote twajua kuwa limelipiwa. Mwanablogu, kinyume chake, amekuingiza jikoni mwake, amekuonyesha watoto wake, amekusimulia maradhi ya mamake. Anaposema kitu ni kizuri, unamsikia kama unavyomsikia dada au jirani. Kinachonunuliwa na kampuni basi si nafasi ya tangazo, bali ni ule udugu. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka wa 2012 inakataza madai ya uongo na ya kupotosha kuhusu bidhaa. Hata hivyo sheria haiwezi kukaa nami mezani usiku ninapochagua kivumishi. Hapo nipo mimi na dhamiri yangu tu.

Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu tuache kicheko. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2017 unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Ujuzi huo hauishii katika kubonyeza vitufe. Tuwape wanafunzi zoezi la kutathmini kitu wanachokitumia kila siku: kalamu, viatu vya shule, hata githeri ya bwalo. Tuwadai waseme wamekitumia kwa muda gani, nani aliyekilipia, na kasoro yake ni ipi. Insha isiyojibu maswali hayo matatu isipewe alama za juu, hata ikipambwa kwa tamathali za kila aina.

Nanyi wanafunzi mnaoitamani kazi hii, itamanini kwa macho yaliyo wazi. Shikeni masomo yenu kwanza, maana asiyesoma hana cha kuandika. Msiwaanike watu wa nyumbani mwenu pasi na idhini yao. Na siku mtakapoletewa zawadi ya kwanza, semeni mmepewa, tena katika sentensi ya kwanza.

Yule msichana nimempa alama 34 kwa 40. Chini ya insha yake nimemwandikia swali moja ambalo bado hajanijibu: “Utafanya nini siku watakapokulipa usifu usichokijua?”