DOKTA WA MGONGO, KIKI INALETA WATEJA LAKINI HAIWARUDISHI

Kuna video ya dansa mmoja wa hapa mjini ilitrendi balaa. Kalala kifudifudi kwenye kitanda cha kliniki, dokta wa kairopraktiki anamkandamiza mgongo, kra! Dansa anapiga ukunga, komenti zinamiminika. Kesho yake simu za mapokezi hazikupumzika, kila mtu anataka akaliziwe shingo kama yeye.

Miezi mitatu mbele, viti vya mapokezi vitupu. Dansa mwenyewe hajarudi.

Kisa chake ni hiki. Siku ya kwanza tu, kabla hajaelezwa vizuri anaumwa nini, aliwekewa mezani kifurushi cha mara 24, ukilipa zote mapema unapunguziwa. Akalipa nusu. Mara ya tatu maumivu yakawa yametulia, akamuuliza dada wa mapokezi kama bado kuna haja ya kuja. Jibu: "Kifurushi hakijaisha kaka." Yaani mgongo umegeuzwa bando la intaneti! Akasepa, na tangu hapo kinachomfuata ni meseji za "Mpendwa mteja, tumekumisi."

Wenye kliniki wakikaa wanasema Wabongo hawana nidhamu, wakipata nafuu kidogo wanakimbia. Sasa mtu akipata nafuu afanyeje? Maumivu mengi ya mgongo yaliyoanza ghafla hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, na mgonjwa siku hizi anaweza kuyasoma hayo kwenye simu yake akiwa kwenye mwendokasi. Akigundua dokta alijua na akanyamaza, hapo ndiyo basi tena.

Halafu ule mlio. Kliniki nyingi zinauza mlio, wakati mlio siyo mfupa unaorudi mahali pake, ni gesi iliyomo kwenye majimaji ya kiungo. Ukimzoesha mteja kuamini kra ndiyo dawa, siku kiungo kikigoma kulia anaona kaibiwa. Tiba hii ilianzia Marekani mwaka 1895 kwa Daniel David Palmer na mpaka leo wataalamu wanaibishania. Hata hivyo mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitaja tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono kati ya zinazoweza kutumika kwa maumivu sugu ya chini ya mgongo, pamoja na mazoezi na kumuelimisha mgonjwa. Mazoezi hayo ndiyo hayaonekani kwenye video, maana hayana kelele.

Kuna mama mmoja muuza vitenge Kariakoo yeye alikutana na dokta wa aina nyingine. Aliulizwa mzigo anaubebaje na anakaa saa ngapi kwenye kistuli. Akaambiwa: "Mama, tujaribu mara nne. Tusipoona mabadiliko nakuandikia uende hospitali. Na ukisikia miguu inakufa ganzi au mkojo unakutoka wenyewe, usinisubiri mimi, kimbia hospitali siku hiyohiyo." Siku ya tatu dokta akapiga simu mwenyewe kuuliza kama mazoezi yanamshinda. Hakutaja hela. Mama akapona, akapotea miezi sita, mgongo ulipomkumbusha akarudi, safari hii na mdogo wake na bodaboda wake.

Ndiyo maana kinyozi ana wateja wa miaka kumi na hajawahi kumuuzia mtu kifurushi. Anakumbuka kichwa chako, hakuweki benchi tangu saa nne mpaka saa saba, na hakurekodi bila kukuuliza.

Dansa naye hajapona kivile. Hakufika hatua ya kufundishwa mazoezi, na kiuno ndiyo ofisi yake. Siku hizi kabla ya kupanda jukwaani anameza diklofenaki mbili, maji, anaingia.

Wadau mnasemaje, dansa ni mzembe au kliniki ndiyo ilimkimbiza? Fungukeni hapo chini.