Trela yenye breki bila waya ni trela isiyo na breki

Kwenye barabara ya taifa namba 1, kutoka Kasumbalesa hadi Lubumbashi, Likasi, Fungurume na Kolwezi, malori makubwa ya madini ndiyo yanayoogopwa. Watu husogea pembeni yanapopita. Kuna msafara mwingine ambao hakuna anayeutazama mara mbili: kamioneti au minibasi inayovuta trela, remorque kama wengi wanavyosema hapa, iliyobeba jenereta, tangi la maji, kompresa au mashine ya kuchomelea ya kampuni ndogo inayotafuta kazi migodini. Taa za nyuma zinawaka, namba ipo, mzigo umefungwa kamba vizuri. Swali moja haliulizwi: dereva akikanyaga breki, magurudumu ya trela yanashika pia, au yanasukuma tu gari lililo mbele?

Kwa trela nyingi jibu ni rahisi, kwa sababu zilitengenezwa Ulaya au Afrika Kusini na breki zake ni za kusukumwa. Gari likipunguza mwendo, trela inalisukuma kwa nyuma, kichwa cha kuungia kinaingia ndani kidogo, na chuma kinavuta kebo ya breki. Hakuna umeme unaohitajika. Fundi aliyekulia kwenye trela za namna hiyo anajua jambo moja kuhusu soketi ya nyuma ya gari: ni ya taa. Kwa kazi aliyoizoea, ana haki.

Balaa linaanza trela inapotoka Marekani au Kanada. Huko breki za trela za uzito wa kati ni za umeme. Ndani ya dramu ya gurudumu kuna sumaku ya umeme. Umeme ukifika, sumaku inanata kwenye uso wa dramu inayozunguka, inavutwa nayo, inasukuma mkono wa chuma, na mkono huo unatanua viatu vya breki. Umeme usipofika, hakuna kinachotokea. Trela ya namna hiyo ina dramu, ina viatu, ina kila kitu ambacho jicho linaweza kuona, na bado haina breki hata kidogo mpaka mtu avute waya mmoja kutoka mbele ya gari hadi nyuma.

Waya huo, kwa desturi ya viwanda vya Amerika Kaskazini, ni wa rangi ya buluu. Unafika kwenye soketi ya tundu saba yenye meno bapa. Magari mengi yanayoingia Katanga, yawe ya Japani yaliyopita Dar es Salaam au ya Ulaya, hayana soketi hiyo. Yakiwa na soketi, mara nyingi ni ile ya mviringo ya Ulaya, nayo pia ina tundu saba, lakini hakuna hata moja lililotengwa kwa breki. Basi plagi ya trela inakatwa, inawekwa nyingine, na nyaya zinaungwa moja moja mpaka taa ziwake. Mwisho unabaki waya mmoja usio na mwenzake. Unakunjwa na kufungwa kwa utepe mweusi. Waya huo ulioachwa ndio breki.

Inafaa kusema wazi uzito wa jambo lenyewe. Trela ya tani moja na nusu ikishuka mteremko wa mita 500 za kimo, bila kuongeza mwendo, inatoa joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita 20 za maji baridi, ndoo nzima. Joto hilo lazima liende mahali. Injini katika gia ndogo itachukua sehemu yake. Sehemu nyingine, kama trela haina breki, inakwenda kwenye diski na dramu za gari, ambazo tayari zinabeba joto la gari lenyewe, abiria wake na mizigo yake. Harufu ya kuungua inasikika kwanza, kisha kanyagio linakuwa gumu lakini gari halisimami. Wanaojua kushuka Ngomo, kutoka Nyangezi kwenda Kamanyola katika Kivu Kusini, hawahitaji kuelezwa zaidi. Katanga ina miteremko mifupi zaidi, lakini ina mwendo mkubwa zaidi, na mwendo ukizidishwa mara mbili nguvu ya kusimamisha inakuwa mara nne.

Kuna njia ya mkato ambayo inaonekana kama suluhisho, na ndiyo mbaya kuliko kuacha waya ukining'inia. Fundi anachukua waya wa buluu na kuuunga kwenye waya wa taa za stop. Dereva akikanyaga kanyagio, taa zinawaka na breki za trela zinashika. Kila mtu anafurahi kwenye uwanja wa gereji. Lakini sumaku moja ya breki hizo hula karibu amperi 3. Magurudumu mawili ni amperi 6, manne ni 12, nayo njia ya taa za stop haikutengenezwa kubeba mzigo huo. Fyuzi ikikatika, trela inapoteza breki na gari linapoteza taa za stop kwa wakati uleule, bila dereva kujua, na lori la nyuma halioni kitu. Fyuzi isipokatika, kwa sababu mtu ameweka kubwa zaidi au kipande cha waya, nyaya za gari ndizo zinazoungua. Zaidi ya hayo, umeme wa taa za stop hauna kidogo na kingi. Dereva akigusa kanyagio kwa unyayo tu, trela inapata nguvu yote na magurudumu yake yanafunga. Kwenye lami yenye maji trela hiyo inaweza kupita pembeni ya gari linaloivuta.

Kinachotakiwa ni kidhibiti cha breki, kisanduku kidogo kinachofungwa chini ya dashibodi, mahali mkono wa dereva unapofika bila kuinama. Kwenye magari yenye usukani wa kulia, ambayo ni mengi huku, hilo linabadilisha upande na linafaa kufikiriwa kabla ya kutoboa. Kidhibiti kinapata umeme kutoka batri kwa waya wake wenyewe wenye ulinzi: fyuzi ya amperi 20 inatosha kwa trela ya magurudumu mawili au manne. Kinapata habari kutoka swichi ya kanyagio kwamba dereva amekanyaga. Kisha kinatoa umeme kwa kipimo kwenye waya wa buluu. Vya bei ndogo huongeza nguvu kadiri sekunde zinavyopita. Vizuri zaidi vina kifaa cha ndani kinachopima jinsi gari linavyopunguza mwendo na kuipa trela breki inayolingana. Kwa barabara za milima, tofauti ya bei hiyo si ya kubishania.

Kabla ya yote, fundi apime batri. Magari kadhaa ya dizeli kutoka Japani, mabasi madogo yakiwemo, ni ya volti 24, na sumaku za trela ni za volti 12. Ukiziunga moja kwa moja zinapata umeme mara mbili, zinashika kama kucha, halafu zinaungua.

Sasa waya wenyewe, na hapa kuna aibu kidogo. Congo ni nchi ya pili duniani kwa kutoa shaba, na sehemu kubwa ya shaba hiyo inapita mbele ya maduka ya vifaa vya umeme ya Lubumbashi ikiwa juu ya malori. Ndani ya maduka, waya wa bei rahisi unaweza kuwa aluminiamu iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba. Kwa macho ni shaba. Ukikwangua uzi mmoja kwa kisu, unaona weupe. Waya wa namna hiyo unapitisha umeme vibaya zaidi kuliko shaba ya unene uleule, unakatika ukikunjwa mara chache, na maungio yake yanaoza kwa unyevu wa masika. Chini ya gari, kwenye matope na vumbi la laterite, hautadumu.

Hata shaba halisi inahitaji unene. Waya wa milimita za mraba 1.5, ule unaotumika kwa taa za nyumba, ukivutwa mita 8 hadi kwenye trela ya magurudumu manne, unapoteza zaidi ya volti moja njiani, na hiyo ni kwa safari ya kwenda tu. Umeme lazima urudi. Wengi wanaacha urudi kupitia mpira wa chuma wa kuungia, ambao umejaa grisi na kutu, kwa hiyo breki inashika leo, kesho haishiki, na fundi analaumu kidhibiti. Waya wa milimita za mraba 6 kwa kwenda na mwingine kwa kurudi, masse iliyofungwa kwenye chuma kilichosafishwa hadi king'ae, maungio yaliyobanwa na kufunikwa badala ya kusokotwa kwa vidole: hiyo ndiyo kazi. Inachukua nusu siku zaidi. Mwenye gari anayemharakisha fundi kwa sababu mteja anangoja Kolwezi ana sehemu yake ya lawama.

Kipande cha mwisho ndicho kinachosahauliwa zaidi. Trela hizo zina batri ndogo mbele, na swichi yenye pini iliyofungwa kwa kebo nyembamba. Trela ikichomoka gari likiwa mwendoni, kebo inachomoa pini, batri ndogo inatoa umeme, na magurudumu yanafunga yenyewe. Kebo hiyo ifungwe kwenye fremu ya gari. Ikifungwa kwenye kichwa cha kuungia, kichwa kikichomoka kinaondoka nayo na pini haichomoki. Na batri ndogo hufa kimyakimya kwenye joto. Wapo pia madereva wanaochomoa pini ili kuegesha trela usiku kama vile ni breki ya mkono. Asubuhi batri imekwisha na hakuna anayekumbuka kuichaji.

Congo imo katika mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani. Mkataba huo unataka trela inayoruhusiwa kuzidi kilo 750 iwe na breki, na breki hizo zisimamishe trela yenyewe ikichomoka, isipokuwa trela ndogo za ekseli moja zisizozidi kilo 1,500, ambazo zinaweza kutegemea mnyororo wa akiba. Sheria ya barabara ya nchi ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Hakuna haja ya kungoja maandishi mapya ili trela iliyokufa breki isimamishwe.

Kinachokosekana ni kutazama. Kwenye vizuizi dereva anaombwa karatasi: bima, vignette, contrôle technique. Karatasi zote zinaweza kuwa halali na waya wa buluu ukawa umefungwa utepe. Kujua ukweli hakuhitaji mashine. Trela ikiwa imesimama na plagi imetolewa kwenye gari, mkaguzi anachomoa pini ya swichi na dereva anajaribu kusogeza gari kidogo. Magurudumu ya trela yakiburutwa bila kuzunguka, breki na batri ni nzima. Yakizunguka, safari imeishia hapo. Kisha plagi inarudishwa, dereva anatembea polepole na kusukuma kwa mkono kitufe cha kidhibiti peke yake: gari linapaswa kuvutwa kwa nyuma. Dakika tano zinatosha kwa yote mawili. Askari aliyefundishwa jambo hili mara moja hawezi kudanganywa tena na dramu iliyopakwa rangi mpya.

Itasemwa kwamba hiyo itakuwa sababu nyingine ya kuwaomba madereva pesa. Hofu hiyo haitoki hewani, na kila anayesafiri barabara hii anajua kwa nini. Lakini jaribio hili lina faida ambayo karatasi haina: matokeo yake yanaonekana na wote waliopo. Gurudumu linazunguka au halizunguki. Dereva mwenye breki nzima hana cha kubishania, na askari naye hana cha kuuza.

Kazi nyingine iko kwa wanaofundisha. INPP inafundisha umakanika na umeme wa gari kwa vijana wengi, na shule za ufundi za Lubumbashi na Likasi zina walimu wazuri. Somo la soketi hizi mbili za tundu saba, ya Ulaya na ya Amerika, linaingia katika mchana mmoja. Liwemo pia jambo dogo linalowachanganya mafundi hata wakimaliza breki: trela nyingi za Amerika hutumia balbu moja kwa stop na kwa kuonyesha upande wa kukata, wakati magari ya Japani na Ulaya huwa na balbu tofauti. Bila kifaa cha kuunganisha mifumo hiyo miwili, dereva anayekanyaga breki huku akionyesha kwamba anakata kushoto anaweza kuwapa walio nyuma yake taa zisizoeleweka.

Na wenye kampuni ndogo wanaoagiza trela hizo waagize kidhibiti, soketi na waya pamoja nazo, katika kontena lilelile. Vinaingia katika katoni moja. Trela ikifika Kasumbalesa bila katoni hiyo, gari litakaloivuta hadi Lubumbashi litaivuta bila breki, kilomita 90 na zaidi, katikati ya malori. Kwa safari hiyo ya kwanza, afadhali ipandishwe juu ya lori.