Radhi Iliyochelewa kwa Adam Goodes

Adam Goodes aliichezea Sydney Swans mechi 372 za kandanda ya Kiaustralia, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai. Alitwaa ubingwa mara mbili, 2005 na 2012, na mara mbili akavishwa medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa ligi, 2003 na 2006. Mwaka 2014 alitangazwa kuwa Mwaustralia wa Mwaka. Mtu wa namna hii huagwa kwa vigelegele. Goodes, mzawa wa jamii za wenyeji asilia wa Australia, aliagwa kwa kuzomewa. Mwaka 2013 alikataa hadharani kuitwa nyani na shabiki kijana. Baadaye umati wa wapinzani ukawa unamzomea kila agusapo mpira, hadi akastaafu 2015, akikataa hata gwaride la wastaafu siku ya fainali. Ligi na vilabu vyake vyote 18 vilimwomba radhi mwaka 2019. Kuomba radhi ni uungwana, lakini majuto ni mjukuu. Shabiki mwenzangu, anayenyamaza jirani yake akimzomea mtu kwa asili yake, naye amezomea.