Nafasi ya Levin katika filamu za Anna Karenina
Mjadala kuhusu filamu za Kiingereza zinazotokana na riwaya za Kirusi huelekea kung'ang'ania lafudhi na mavazi, ilhali jambo zito zaidi ni muundo wa riwaya, yaani namna visa vinavyopangwa na kutegemeana. Anna Karenina ya Leo Tolstoy ina sehemu 8, na Anna hufariki mwishoni mwa sehemu ya 7. Inayobaki humfuata zaidi Levin, mwenye shamba anayetafuta maana ya kuishi, ambaye katika filamu ya 1935 iliyoigizwa na Greta Garbo alisukumwa pembeni, ikabaki hadithi ya mapenzi tu. Filamu ya 2012, iliyoongozwa na Joe Wright kwa muswada wa Tom Stoppard, ilimrudishia hadhi yake, na hapo ndipo penye ustadi wake mkubwa. Maisha ya mabwana na mabibi yamewekwa ndani ya jumba la maonyesho lililochakaa, ambamo hata mbio za farasi hufanyika jukwaani. Lakini Levin anapoondoka, milango ya nyuma ya jukwaa hufunguka, uwanda wa theluji ukatandaa mbele yake, na baadaye huonekana akifyeka nyasi bega kwa bega na wakulima. Kwa mpangilio huo, mawazo ya mhusika yasiyotamkwa, ambayo Tolstoy aliyaeleza kwa kurasa nyingi, huonekana bila sauti ya msimulizi. Kasoro iliyopo ni muda, kwa kuwa saa 2 hivi hazimtoshi Karenin, mume wa Anna, ambaye msamaha wake kando ya kitanda cha mkewe mgonjwa ulistahili nafasi ndefu zaidi.